Sintetiki divisheni inakupa majibu ya ajabu? Anza na dalili ndo utafute chanzo

Ubaya wa sintetiki divisheni, ile njia fupi ya kugawanya polinomia (kama x³ − 7x + 6) kwa kutumia koefishenti tupu, ni kwamba haijui kukataa. Longi divisheni ukichanganya mambo mara nyingi inakwama katikati, vipeo havikai sawa, x mraba inakutana na x tupu, unajua kabisa hapa nishaharibu. Sintetiki we ipe chochote, itazidisha, itajumlisha, itakushushia mstari wa namba umenyooka vizuri na we utaupigia mistari miwili chini kwa raha zako, kumbe swali ulilojibu sio ulilopewa. Kwaiyo hapa sifundishi kuanzia a, nachukulia ushaiona darasani au tuisheni, shida yako ni kwamba jibu lako na la nyuma ya kitabu hayasalimiani.

Maneno nitakayotumia ni machache. Koefishenti ni zile namba zinazotangulia x, pamoja na ile namba tupu ya mwisho. Kigawanyo ni kile unachogawanyia, mfano x − 2. Namba ya pembeni ni ile unayoiweka kwenye kona ya kushoto kabla hujaanza kuzidisha. Na mstari wa chini ndo mstari wa majibu, namba yake ya mwisho kulia ni baki.

Swali la kufanyia majaribio litakuwa hili, x³ − 7x + 6 gawanya kwa x − 2. Likifanywa vizuri linakaa hivi:

2 |  1   0   −7   6
  |      2    4  −6
  --------------------
     1   2   −3   0

Jibu ni x² + 2x − 3, baki 0. Uweke karibu huu mstari wa 1, 2, −3, 0 maana tutauharibu kwa makusudi mara kadhaa tuone kila kosa linaacha alama gani.

Swali limesema inagawanyika bila baki, ila baki yako inagoma kuwa sifuri

Hii ndo inayoongoza. Watu wakiiona wanakimbilia kurudia hesabu ya kuzidisha na kujumlisha mara tatu nne, wanapata kilekile, wanakata tamaa. Acha. Kuzidisha 2 mara 2 hujakosea. Kosa la aina hii mara nyingi liko kabla hujazidisha chochote, kwenye ule mstari wa juu au kwenye namba ya pembeni.

Angalia umepata mstari gani kwenye swali letu.

Kama umepata 1, −2, −3 na baki 12, umekosea ishara. Kigawanyo ni x − 2 we ukaweka −2 pembeni kama ilivyo. Namba ya pembeni ni ile inayofanya kigawanyo kiwe sifuri, kwaiyo usiangalie ishara kwa macho, tatua x − 2 = 0 upate x = 2, weka 2. Kwa x + 5 tatua x + 5 = 0, weka −5. Inachukua sekunde mbili na inakuokoa zaidi baadae tukifika kwenye 2x − 1, kwaiyo zoea kuandika kabisa pembeni ya karatasi, usifanye kichwani.

Ila subiri, kuna wengine wamepata huohuo 1, −2, −3, 12 na pembeni wameweka 2, ishara iko sawa kabisa, wanaapa hawajakosea. Hao wametoa badala ya kujumlisha. Mkono umezoea longi divisheni, kule unatoa, huku ukaendelea kutoa. Angalia: 0 toa 2 ni −2, alafu −7 toa −4 ni −3, alafu 6 toa −6 ni 12. Umefika palepale pa yule aliyekosea ishara, na sio bahati, kutoa ukiwa na 2 pembeni ni hesabu ileile ya kujumlisha ukiwa na −2.

Na hapa ndo panapowachanganya wanaosoma kwa kundi. Yuko mtu ataweka −2 pembeni bila kugeuza, alafu anatoa kila kolamu, na anapata jibu SAHIHI. Sio uchawi, makosa mawili yamefutana, tena kuna walimu wanaifundisha hivo makusudi kwa sababu inafanana na longi divisheni na ni njia halali kabisa. Shida inakuja ukichukua nusu ya daftari la huyu na nusu ya daftari la yule. Chagua moja: geuza ishara alafu jumlisha, au usigeuze alafu toa. Mi nashauri ya kwanza, kwa sababu kujumlisha ukiwa na haraka ndani ya pepa ni salama kuliko kutoa namba hasi kwenye namba hasi.

Kama umepata 1, −5 na baki −4, umeruka sifuri. Umeangalia x³ − 7x + 6 ukaandika 1, −7, 6 ukaendelea na maisha. x mraba haionekani kwenye swali lakini nafasi yake ipo, koefishenti yake ni 0 na lazima ikae. Sintetiki imefuta zile x zote, haijui namba ipi ni ya kipeo kipi isipokuwa kwa nafasi iliyokaa, ukiruka nafasi moja yenyewe inaamini umeipa x² − 7x + 6. Dawa ni kuhesabu: digrii, yani kipeo kikubwa kabisa, jumlisha moja ndo idadi ya namba za mstari wa juu. Digrii 3, namba 4. x⁴ − 16 inaonekana ina vipande viwili tu lakini digrii ni 4, namba ni 5, yani 1, 0, 0, 0, −16, na ukiweka 2 pembeni unashuka na 1, 2, 4, 8, 0 safi.

Kama umepata 6, 5, 10 na baki 21, swali lilikuja limepangwa kinyume, 6 − 7x + x³, we ukanakili koefishenti kama zilivyokaa. Watunga mitihani wanalipenda sana hili. Panga upya kutoka kipeo kikubwa kushuka chini, alafu ndo uchukue koefishenti. Ukiona mstari wa chini umeanza na namba ambayo sio koefishenti ya kipeo kikubwa kabisa, jua kuna kitu, namba ya kwanza inashuka vilevile siku zote.

Na kama umepata 2, 4, 1, 8, hiyo namba ya kwanza umeizidisha badala ya kuishusha tu. Hii ni ya siku mbili tatu za mwanzo, inapita yenyewe.

Kama mstari wako haufanani na wowote hapo juu ndo sasa rudi ukague hesabu kolamu kwa kolamu. Kabla ya hapo usijisumbue.

Baki iko sawa kabisa, jibu ni feki

Hii ndo hatari na ndo watu wengi hawaijui, maana wamefundishwa baki ikitoka sifuri mambo yamekubali. Hapana. Baki sahihi haithibitishi kwamba namba nyingine za mstari ni sahihi.

Chukua polinomia yetu ileile, x³ − 7x + 6, ila sasa gawanya kwa x − 1. Kwa usahihi ni hivi:

1 |  1   0   −7    6
  |      1    1   −6
  ---------------------
     1   1   −6    0

Jibu x² + x − 6. Sasa ruka sifuri makusudi, weka 1, −7, 6 na 1 pembeni. Unashusha 1, alafu −7 + 1 ni −6, alafu 6 − 6 ni 0. Baki sifuri! Unafurahi, unaandika x − 6, unaenda swali linalofuata, na umekosa. Chanzo ni kwamba 1 kipeo chochote ni 1 tu, kwaiyo namba ikikaa nafasi ya x² au ya x ikipewa 1 inatoa kitu kilekile, baki haiwezi kuona tofauti. Kwa 2 ingeona, kwa 1 haioni. Kwaiyo ukiwa unagawanya kwa x − 1 baki isikupe usingizi, angalia digrii: umegawanya kitu cha digrii 3 kwa kitu cha digrii 1, lazima jibu liwe digrii 2. x − 6 ni digrii 1, limepungua digrii mbili badala ya moja, kuna nafasi imemezwa.

Sababu hiyohiyo inaua ile njia ya mkato ya kukagua ambayo inazunguka sana. Njia yenyewe ni nzuri: weka x = 1 kila mahali. Jumla ya koefishenti za swali lazima iwe sawa na kigawanyo ukiweka 1, mara jumla ya koefishenti za jibu, ongeza baki. Kwenye swali letu la x − 2, jumla ya juu ni 1 + 0 − 7 + 6 = 0, kigawanyo kinakuwa 1 − 2 = −1, jumla ya jibu 1 + 2 − 3 = 0, baki 0, inakubali. Mtu wa ishara aliyepata 1, −2, −3, 12 atapata −1 mara −4 ongeza 12, ambayo ni 16, haikubali, amekamatwa. Lakini mtu wa kuruka sifuri aliyepata 1, −5, −4 atapata −1 mara −4 ongeza −4, yani 0, inakubali kabisa na jibu lake ni bovu! Kwaiyo itumie kwa ishara na kwa hesabu zilizoteleza, usiitumie kujua kama umeruka nafasi.

Kipimo cha kuruka nafasi, ukiacha x − 1 ambako unaangalia digrii, ni kuweka namba ya pembeni kwenye polinomia yenyewe. Weka 2 kwenye x³ − 7x + 6, 8 toa 14 ongeza 6, ni 0. Baki yako ni −4? Basi si sawa, kitu kimerukwa. Na hii namba unayoiweka itoe kwenye kigawanyo upya, usiichukue kwenye kona uliyoandika we mwenyewe, maana kama ulikosea ishara pale utapima kosa kwa kosa na vitakubaliana vizuri sana.

Kwa nini baki ni sawa na kuweka namba ndani ya polinomia? Angalia kinachotokea kwenye mstari: 1 mara 2 ongeza 0, jibu mara 2 toa 7, jibu mara 2 ongeza 6. Ukiliandika kwa mabano ni ((1·2 + 0)·2 − 7)·2 + 6. Fungua mabano uone kama haitoki 2³ − 7·2 + 6. Yani muda wote huo ulikuwa unapiga tu thamani ya polinomia kwa njia isiyo na vipeo. Mtaliano Paolo Ruffini, daktari na mwanahisabati wa Modena, aliitoa njia hii mwaka 1804, Mwingereza William George Horner akaja na yake 1819, ndo maana kwenye video za Kihispania utasikia Ruffini na kwenye mambo ya kompyuta utasikia Horner, hesabu ni ileile. Na Mchina Qin Jiushao mwaka 1247 alishaandika mahesabu ya namna hii ya kutafuta mizizi, yani namba zinazofanya polinomia iwe sifuri, kwaiyo wote wawili walichelewa.

Kigawanyo kina namba mbele ya x, kama 2x − 1

Hapa baki inatoka sawa na jibu linatoka mara mbili ya linalotakiwa, ni ndugu wa tatizo lililopita ila linastahili sehemu yake kwa sababu linakula maksi kimyakimya.

Gawanya 4x³ − 2x² + 6x + 1 kwa 2x − 1. Tatua 2x − 1 = 0, x ni ½, weka ½ pembeni:

½ |  4   −2   6   1
  |       2   0   3
  --------------------
     4    0   6   4

Mtu anaandika 4x² + 6 baki 4. Zidisha uone: (2x − 1) mara 4x² inatoa 8x³, na swali lilikuwa na 4x³. Limevimba. Kilichotokea ni kwamba ulipoweka ½ pembeni umegawanya kwa x − ½, sio kwa 2x − 1, na x − ½ ni nusu ya 2x − 1. Ukigawanya kwa nusu ya kitu jibu linakuwa mara mbili. Kwaiyo namba zote za jibu zigawanye kwa 2, upate 2x² + 3.

Na baki? Baki USIIGUSE. Inabaki 4 ileile. Hapa ndo nusu ya watu wanadondokea, ama wanasahau kugawanya jibu ama wanagawanya kila kitu pamoja na baki. Zidisha uhakikishe: (2x − 1)(2x² + 3) ni 4x³ − 2x² + 6x − 3, ongeza 4 ndo inarudi + 1 ya mwisho. Ungeifanya baki kuwa 2 ungepata − 1. Kwa 3x + 2 pembeni unaweka −⅔, jibu unagawanya kwa 3, baki unaiacha.

Ukiandika jibu kamili la hilo swali ni 2x² + 3 + 4/(2x − 1), chini ya baki kinakaa kigawanyo cha swali kama ulivyopewa. Kuna wanaoandika 2x² + 3 + 4, yani wanaijumlisha baki kama namba ya kawaida, hilo jibu ni kosa hata kama kazi yote iko sawa.

Sehemu zinazidi kuota kila kolamu

Unajaribu kama ½ au 3/2 ni mzizi, na kila kolamu sehemu inazaa sehemu nyingine, robo, moja ya nane, karatasi imejaa rafu. Kama koefishenti zote za swali ni namba nzima na lengo lako ni kujua tu kama hiyo namba ni mzizi, usimalize. Simama pale pale sehemu ya kwanza inapotokea mstari wa chini. Sio mzizi.

Sababu ni ile ya juu: polinomia ya namba nzima ikigawanyika kwa 2x − 3 bila baki, jibu lake lina namba nzima, na mstari wako wa chini ni hilo jibu mara 2. Kwaiyo mstari mzima lazima uwe na namba shufwa, ikitokea witiri tu humo njiani imeisha, achilia mbali sehemu. Chukua 2x³ + 3x² − 8x + 3. Jaribu 3/2: unashusha 2, alafu 3 + 3 ni 6, alafu −8 + 9 ni 1. Witiri. Funga, hamna haja ya kuona baki. Jaribu ½: 2, 4, −6, 0, zote shufwa na baki sifuri, gawanya kwa 2 upate x² + 2x − 3, ambayo ni (x + 3)(x − 1), umemaliza. Kama ni swali la kugawanya tu na baki inaruhusiwa, hapo sehemu zinaweza kuwepo kihalali, vumilia. Ila ziandike kama sehemu, ukianza kuweka 0.667 kwenye kalkuleta baki haitakuja kuwa sifuri kamili na utabaki unajiuliza kama 0.001 ni sifuri au sio.

Jibu lina digrii ileile ya swali

Umepata 1, 2, −3, 0 ukaandika x³ + 2x² − 3x. Soma kutoka kulia: ya mwisho ni baki, itenge kwa mstari wima mara tu unapoipata, inayofuata ni namba tupu, inayofuata ni ya x, unapanda hivo.

Mizizi haitimii au kuitafuta hakuishi

Umepewa x³ − 3x + 2 = 0, umejaribu 1 ikakubali, −1 ikakataa, 2 ikakataa, −2 ikakubali, na namba zinazogawa 2, ile namba tupu ya mwisho, zimeisha. Digrii ni 3, mizizi miwili, wa tatu yuko wapi? Yuko palepale kwenye 1. Mzizi unaweza kujirudia. Ukishapata 1 inakubali, usirudi kwenye swali la mwanzo, endelea na mstari wa chini: 1, 1, −2, na jaribu 1 tena. Inashuka 1, 2, 0. Kwaiyo ni (x − 1)²(x + 2). Kuendelea na mstari wa chini kuna faida nyingine pia, kila ukipata mzizi kazi inapungua digrii moja, ukifika x mraba unaachana na sintetiki unatumia fomula. Watu wanaorudi juu kila mara ndo wanaomaliza muda.

Kingine cha kuokoa muda. Kama koefishenti ya kwanza ni chanya, ukijaribu namba chanya na mstari wote wa chini ukatoka bila hasi hata moja, usijaribu namba kubwa zaidi ya hiyo, hakuna mzizi huko juu. x³ − 7x + 6 ukiweka 3 unapata 1, 3, 2, 12. Basi 6 hata usiiguse. Upande wa hasi angalia ishara zikipishana: weka −4 unapata 1, −4, 9, −30, chanya hasi chanya hasi, chini ya −4 hamna kitu.

Kigawanyo ni x mraba na kitu

Sintetiki ya kawaida inataka kigawanyo cha digrii 1. Ukipewa x² − 3x + 2 usitafute namba moja ya kuweka pembeni, haipo. Ila hiki kinavunjika kuwa (x − 1)(x − 2), kwaiyo piga mara mbili mfululizo. Jibu huwa linatoka vizuri, tatizo liko kwenye baki.

Gawanya x³ + 2x² − 5x + 4. Kwa 1 unapata 1, 3, −2, baki 2. Chukua 1, 3, −2 piga kwa 2, unapata 1, 5, baki 8. Jibu x + 5. Baki? Wengi wanaandika 10, wengine 8. Zote hapana. Baki ya pili imetoka ukiwa tayari ushagawanya kwa x − 1, kwaiyo kuirudisha kwenye swali la mwanzo lazima uizidishe kwa x − 1: 8(x − 1) + 2, ni 8x − 6. Ukizidisha (x² − 3x + 2)(x + 5) unapata x³ + 2x² − 13x + 10, ongeza 8x − 6, swali limerudi lilivyo. Baki zote zikiwa sifuri hulioni hili kosa, ndo maana linadumu.

Kama kigawanyo hakivunjiki, x² + 1 kwa mfano, rudi longi divisheni bila aibu. Ila kama swali na kigawanyo vyote vina vipeo shufwa tupu, kama x⁴ − 5x² + 4 kwa x² − 4, hapo ita x² kuwa u, una 1, −5, 4 na 4 pembeni, inashuka 1, −1, 0, jibu u − 1, yani x² − 1.

Kuna a na b ndani na majibu yanatoka mabaya

x³ + ax² + bx − 6 inagawanyika kwa x − 1 bila baki, na ikigawanywa kwa x + 2 baki ni −12, tafuta a na b. Ya kwanza inaenda vizuri kwa kila mtu: 1, a + 1, a + b + 1, baki a + b − 5, kwaiyo a + b = 5.

Ya pili ndo kaburi. Pembeni ni −2, inashuka 1, alafu a − 2. Sasa −2 mara (a − 2). Mtu anaandika −2a − 4, hasi haijaingia kwenye kipande cha pili. Kuanzia hapo kila kitu kinaendelea vizuri juu ya kosa, anapata baki 4a − 2b + 2, anaweka sawa na −12, mwisho wa siku a ni −⅔ na b ni 17/3. Sehemu zenyewe sio ushahidi wa kosa, kuna maswali ambayo a inatoka sehemu kweli, kwaiyo usihukumu kwa uzuri wa jibu. Kwenye sintetiki yenye herufi andika mabano kila kolamu hata kama unajiona mtaalamu: −2(a − 2) ni −2a + 4, kolamu inakuwa b − 2a + 4, mara −2 ni −2b + 4a − 8, ongeza −6, baki ni 4a − 2b − 14.

Tena kama swali linataka a na b tu na halijasema utumie sintetiki, we weka −2 moja kwa moja kwenye polinomia: −8 + 4a − 2b − 6. Baki ileile, mstari mmoja, kolamu hamna. Iweke sawa na −12 upate 2a − b = 1, unganisha na a + b = 5, a ni 2 na b ni 3. Rudisha kwenye x³ + 2x² + 3x − 6, ukiweka 1 inatoka 0, ukiweka −2 inatoka −12.